Sura ya Nne: Bunduki ya Kumwindia Tandala

Swali ambalo kila aliyepata kibali cha kumiliki silaha katika Masasi na Newala huliuliza mapema kuliko maswali yote, na aghalabu huliuliza akiwa amekwisha kujijibu moyoni, ni hili: "Mzee, kwa tandala nichukue bunduki ipi?" Kijana husema hivyo huku jicho lake limeganda juu ya ile iliyo nene kupita zote dukani, na mzee aliyeulizwa, akiwa ni mtu wa hadhari, hamtajii jina la bunduki bali humrudishia maswali matatu: "Wakwenda kuwinda wapi, mwanangu? Mnyama utamwona kwa umbali gani? Na bega lako lastahimili nini?" Sura hii yataka kuyajibu maswali hayo kwa taratibu, na rai yangu sitaificha hadi mwisho: bunduki ya wastani, iliyosawazishwa barabara na kushikwa na mtu aliyeizoea, humwangusha tandala upesi na kwa huruma zaidi kuliko bunduki kubwa iliyo mikononi mwa mtu anayeiogopa.

Karatasi kabla ya chuma

Kuna vibali viwili, na kimoja hakisimami mahali pa kingine. Cha kwanza ni cha silaha yenyewe, kinachoombwa polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015; cha pili ni leseni ya kuwinda, iliyo chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na inayosimamiwa na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Mwenye bunduki halali asiye na leseni ya mnyama ni jangili kama jangili mwingine yeyote, hata kama mnyama amemkuta kwenye mpaka wa shamba lake la mikorosho. Mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi, ambayo watu wetu huyaona karibu kama ua wa nyumba, hayaingiwi kwa bunduki bila ya ruhusa. Na kuwinda usiku kwa kurunzi, kutega nyaya na kutia sumu ni haramu ya sheria popote pale.

Mnyama na mahali pake

Wawindaji wa leo husoma mengi yaliyoandikwa Marekani juu ya kumwinda elki, yule paa mkubwa wa milimani mwenye pembe za matawi, na humo huambiwa kwamba bila ya bunduki yenye mwendo mkali inayofika mita 400 mtu asitoke nyumbani. Ushauri huo ni mwema kwao, kwa kuwa elki husimama upande wa pili wa bonde lililo wazi na mwindaji hana pa kujificha amsogelee. Kwetu sivyo.

Tandala dume, mwenye pembe za kuzungukazunguka na milia myeupe ubavuni, huwa na kilo 200 hadi 270. Palahala dume, yule mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia, hupita kilo 200. Ama pofu ni mnyama wa daraja nyingine, kwa kuwa dume lake lililokomaa laweza kuwa na kilo 500 hadi 900. Kwa uzito, basi, tandala na palahala hawako mbali na elki, lakini kwa umbali wako mbali naye kama Newala ilivyo mbali na milima ya Marekani.

Juu ya uwanda wa Makonde, penye vichaka vilivyosongamana hata mbwa hupita kwa shida, mtu haoni mbele yake zaidi ya hatua thelathini. Vichaka hivyo ndivyo vilivyomfanya C. J. P. Ionides, Bwana Nyama wa kusini aliyekuwa na makao yake Liwale, aje kukaa Newala baada ya kustaafu, si kwa ajili ya tandala bali kwa ajili ya koboko wa kijani na mafutu, hata watu wakamlakabu Bwana Nyoka. Na yeyote apitaye humo na bunduki ndefu, macho yakiwa juu na miguu ikiwa haijui inakanyaga nini, na akumbuke habari zake. Ukishuka kutoka ukingo wa uwanda kuelekea bonde la Ruvuma, au ukienda magharibi kupita majabali ya Masasi hadi mapori ya miombo, hali hubadilika: baada ya nyasi kuungua, tangu Julai na kuendelea, jicho hupenya kati ya miti mita 80, 100, mara nyingine 150. Mita 200 ni nadra, na anayejivunia kupiga mita 300 katika miombo ama amehesabu vibaya ama alipaswa kusogea.

Kwa ufupi: mnyama wetu ni mzito, umbali wetu ni mfupi, na majani ni mengi. Hayo matatu ndiyo yatakayochagua bunduki.

Gobore na wajukuu wake

Bunduki ya kwanza kujulikana na wengi huku kwetu ni gobore, bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni, iliyopanda bara pamoja na misafara kutoka Kilwa, Lindi na Mikindani. Mtu humimina baruti nyeusi, akashindilia kwa ufito, akatia kipande cha chuma au risasi ya duara, akashindilia tena kitambaa kisitoke, kisha akaweka fataki chini ya nyundo. Kasiba yake, yaani ule mtutu, ni laini kwa ndani, na kwa hiyo risasi hutoka bila ya kuzunguka na hupotea njia baada ya hatua chache. Moshi wake humziba mpigaji asione alichokipiga, na kupiga mara ya pili ni jambo la dakika nzima. Wako wazee waliopata nyama nyingi kwa gobore, lakini waliipata kwa kunyemelea hadi wakasikia pumzi za mnyama, na wanyama waliokwenda kufia mbali na chuma mbavuni hakuna aliyewahesabu.

Ubaya wa moshi huo ulidhihirika hata vitani. Askari wengi wa Wajerumani waliingia vita vya 1914 na bunduki za muundo wa 1871, ambazo zilikuwa na mifereji ndani ya kasiba lakini zilitumia baruti nyeusi, na kila alipofyatua mmoja, wingu lilipanda juu ya kichaka na kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Vita hivyo vilipita juu ya ardhi hii hii: mwishoni mwa Novemba 1917 kikosi cha Kapteni Tafel kilijisalimisha karibu na Newala, ilhali mkuu wake, von Lettow-Vorbeck, alikwisha kuvuka Ruvuma. Baada ya vita, bunduki za baruti isiyo na moshi, Mauser ya Kijerumani na .303 ya Kiingereza, ndizo zilizobaki kuwa kipimo cha bunduki ya kweli. Na maaskari wa idara ya wanyama waliotumwa kuwafukuza tembo mashambani walipewa .404, iliyo nzito zaidi.

Namba zilizoandikwa kwenye kasiba

Namba hizo zinawatisha watu bure. .375 maana yake ni kwamba upana wa kasiba ni sehemu 375 katika elfu za inchi, yaani milimita 9.5; .303 ni kama milimita 7.7, na Wajerumani huandika milimita zenyewe, kisha urefu wa ganda, kama 9.3x62. Katika sura hii "risasi" ni kitu kizima kinachoingia bundukini, na "kichwa" ni kile kipande kinachoruka. Uzito wa kichwa hupimwa kwa greni, na greni 15 ni karibu gramu moja.

Zilizo nyingi zinatosha. Hizi ndizo ningezitazama:

- .30-06, ya jeshi la Marekani tangu 1906. Kichwa cha greni 180 hutoka kwa mwendo wa kama mita 820 kwa sekunde. Kwa tandala na palahala sijui sababu ya kutafuta nyingine.
- .308, nduguye mfupi. Tofauti yao mnyama haijui.
- 9.3x62, iliyobuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi wa Berlin, kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani waliotaka bunduki moja ya kazi zote katika Afrika. Kichwa cha greni 286, mwendo wa wastani, teke linalovumilika. Ni bunduki nzuri mno kwa vichaka vya Makonde, na huja na akili ya mtu aliyefikiria nchi hizi.
- .375 ya Holland & Holland wa London, 1912. Kichwa cha greni 300. Hii ndiyo ndogo kupita zote ambayo kanuni na desturi zimekubaliana kwa nyati na tembo, na ndiyo ya pofu dume kama una nafasi ya kuchagua.

Ama .303 ya babu, ikiwa kasiba yake haijaliwa na kutu, bado humwua tandala kwa mita 100. Bunduki za kijeshi zinazojipakia na kupiga mfululizo zimekatazwa kwa mwindaji, na hazina kazi hapa. Bunduki ya komeo, inayofunguliwa na kufungwa kwa mkono kila mara, ndiyo inayomfundisha mtu kuithamini risasi ya kwanza.

Teke

Nguvu inayokipeleka kichwa mbele hurudi begani, na nguvu hiyo ya kurudi nitaiita teke. Katika bunduki mbili za uzito mmoja, teke la .375 ni karibu mara mbili ya lile la .30-06. Tofauti hiyo haionekani kwa risasi moja, mbele ya rafiki. Huonekana kwa risasi ya kumi, wakati kidole kinapoanza kuvuta kifyatulio huku jicho limefumba na bega limekwisha kujikunyata kabla ya mlio.

Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori lile kubwa la kaskazini mwetu na ambaye alipigwa risasi akafa huko Beho Beho mnamo Januari 1917, alianza ujana wake kusini mwa Afrika na magobore makubwa ya kuulia tembo, yenye teke la kumwangusha mtu chini. Na miaka mingi baadaye aliungama kwa maandishi kwamba anajuta kuyagusa, kwa kuwa yalimharibu mishipa ya ujasiri na kumvurugia shabaha. Kinyume chake ni Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, kwa sababu alijua pahala pa ubongo na moyo kama tabibu anavyojua. Sisemi mtu amwige Bell. Sheria haimruhusu, na tembo hatamsamehe. Nasema tu kwamba watu hao wawili walifika kwenye neno moja kwa njia mbili.

Iko njia sahala ya kulijua bega lako. Mwambie mwenzio akupakilie bunduki akiwa amekupa mgongo, mara aweke risasi nzima, mara aweke ganda tupu, nawe usijue. Siku kifyatulio kitakapolia juu ya ganda tupu na mtutu ukachomoka chini kama uliopigwa, utakuwa umeona kwa macho yako kile ulichokuwa ukikifanya kila mara kishindo kilipokuwa kikikificha. Dawa yake ni mazoezi ya risasi chache, pamba masikioni, na, ikibidi, bunduki ndogo zaidi. Hapo hapana haya.

Pua laini, pua ngumu

Kuna jambo moja dogo linalopoteza wanyama wengi kuliko uchaguzi wa bunduki. Kichwa kilichofunikwa shaba mwili mzima, kama kile cha kijeshi, hupita ndani ya mnyama kama sindano na kutokea upande wa pili bila ya kufunguka, na tandala aliyepigwa hivyo hukimbia kilomita kadha wa kadha na kufia mahali ambapo fisi peke yao watamwona. Kichwa chenye pua laini, ambacho risasi ya ndani imeachwa wazi mbele, hupasuka na kutanuka kinapoingia. Kwa tandala, palahala na pofu tumia pua laini, nzito kiasi, iliyotengenezwa isivunjike vipande. Pua ngumu ni ya tembo. Na usichanganye aina mbili katika mfuko mmoja, kwa kuwa hata bunduki iliyosawazishwa kwa aina moja hupiga mahali pengine kwa aina nyingine.

Kitako na darubini

Fumba macho, inua bunduki begani kwa haraka kama unavyoinua mnyama akitokea, kisha fumbua. Ikiwa jicho liko sawasawa nyuma ya shabaha, kitako ni chako. Ikiwa unalazimika kunyosha shingo au kuinamisha kichwa, fundi akipunguze au akiongeze, jambo ambalo kwa mbao si kazi kubwa. Watu wengi hubeba miaka mingi bunduki iliyotengenezwa kwa mikono ya mtu mrefu kuliko wao na kulaumu macho yao.

Darubini ni fadhila kwa miombo na ni kero kwa vichaka. Anayekwenda kote kuwili achukue yenye ukuzaji mdogo, inayoanzia mara moja na nusu na kuishia mara tano au sita. Ile ya mara kumi na mbili, inayouzwa kwa sifa, humwonyesha mtu kichakani duara la majani tu. Vishikio vyake vikazwe hadi visitikisike, maana barabara za vumbi za kwetu hulegeza skrubu yoyote. Na kati ya jicho na kioo cha nyuma pawe na nafasi ya sentimita nane au tisa, kwani asiyeiacha nafasi hiyo huondoka na alama ya nusu duara juu ya nyusi, nayo haifichiki msikitini wala kanisani.

Kusawazisha shabaha

Bunduki mpya haijui inapopiga, na mwenyewe hajui zaidi. Nenda mahali palipoidhinishwa, penye ukuta wa udongo nyuma ya karatasi. Majabali ya Mkomaindo na vilima vyenzake yanavutia kwa ukubwa wao, lakini si pa kupigia: risasi ikigonga jiwe hudunda na kwenda isikojulikana, nako huenda kukawa na mtoto anayechunga mbuzi. Nenda asubuhi, kabla ya mvuke wa joto kuanza kuichezesha karatasi machoni.

Laza mbao ya mbele ya bunduki juu ya gunia la mchanga, wala usiulaze mtutu wenyewe, wala usiweke bunduki juu ya jiwe au gogo tupu, kwani huruka juu inapolia na kupeleka kichwa juu. Anza kwa mita 25. Toa komeo, chungulia ndani ya kasiba hadi uione alama katikati ya duara, kisha, bila ya kuisogeza bunduki, geuza vifundo vya darubini hadi msalaba wa nyuzi uangukie alama hiyo hiyo. Rudisha komeo, piga. Hapo kichwa kiwe chini kidogo ya ulipolenga, kwa kiasi kisichofika sentimita moja, kwa sababu darubini iko juu ya kasiba na njia zao hazijakutana.

Sasa hamia mita 100 na upige tatu bila ya kugusa kifundo, ukiiacha kasiba ipoe kati ya moja na nyingine, kwani chuma cha moto hutawanya risasi. Tazama kundi la matundu matatu, si tundu moja. Katika darubini nyingi kila mlio wa kifundo husogeza pigo kama milimita 7 kwa umbali huo. Tuseme kundi limekaa sentimita 5 chini na 4 kushoto, nawe wataka sentimita 3 juu ya alama: hizo ni sentimita 8 za kupanda, yaani milio kumi na mmoja, na milio sita kuelekea kulia. Kwa mita 25 mlio huo huo husogeza robo tu, jambo ambalo wengi husahau wakazungusha kifundo hadi wakadhani kimeharibika.

Kwa nini sentimita 3 juu? Kwa sababu .30-06 iliyowekwa hivyo hurudi pale pale ulipolenga karibu na mita 150, na kwa mita 200 imeshuka kama sentimita saba tu. Kwa hiyo katika umbali wote wa miombo unalenga mnyama, hulengi hewa iliyo juu yake. Kisha ondoka kwenye gunia. Piga ukiwa umekaa, ukiwa umeegemea mti, ukiwa umesimama na fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu; na umbali ambao kutoka hali hizo huwezi kuweka risasi tatu ndani ya sahani ya kulia wali, huo ndio mpaka wako, hata kama bunduki yafika mbali zaidi.

Kila baada ya safari ndefu ya gari, piga moja kwanza.

Pa kupiga, na baada yake

Tandala akiwa amesimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwa jicho hadi theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini, nyuma kidogo ya bega: hapo pana moyo chini na mapafu juu, na ukikosea kwa upana wa kiganja bado umepata. Akiwa amekuelekea uso, au amekupa mgongo, subiri.

Hapa wawindaji wetu wamegawanyika. Ushauri wa vitabu ni kukaa nusu saa baada ya mlio, ili mnyama alale asisukumwe mbele. Ilhali Mwislamu, aliyetaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, hutaka kumwahi akiwa na uhai amchinje, na katika vijiji vya Newala nyama isiyochinjwa huenda isiliwe na hata nusu ya majirani. Naona damu yenyewe huamua. Ikiwa ni nyekundu ya kung'aa na yenye povu, ni ya mapafu, na mnyama hayuko mbali: nenda. Ikiwa nyeusi, ni ya ini, na ikiwa imechanganyika na majani ya kijani, ni ya tumbo: kaa chini, hata kama chinjo litakupita, maana ukimwondosha hutampata kabisa.

Kwa vyovyote, risasi ya pili iwe imekwisha kuingia kabla ya hatua ya kwanza. Msogelee kutoka mgongoni, mbali na pembe na kwato, na umguse mboni ya jicho kwa ncha ya ufito mrefu. Likipepesa, piga tena, chini ya shingo. Lisipopepesa, fungua komeo, toa risasi na uihesabu pamoja na nyingine, kwa kuwa idadi yake ni lazima ilingane na ile iliyomo katika kitabu chako siku utakapoulizwa.